Malalamiko Kuhusu Bwawa Lililorefuka Nikiwa Kijijini

Kwa Mama Nosakhele Mdleleni,
Mwenyekiti, Klabu ya Waogeleaji Watu Wazima ya Pomboo,
East London, Afrika Kusini.
14 Oktoba

YAH: KUENGULIWA KWANGU KATIKA TIMU YA KUPOKEZANA

Mama Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mkavu. Mimi nina afya ya wastani, na wastani huo ndio ulionisukuma kushika kalamu.

Kama unavyojua, mwezi Juni mama yangu alivunjika nyonga, nikaenda kijijini kwetu, Cofimvaba, kumuuguza miezi minne. Niliondoka nikiwa njia ya pili, kwa wenye kasi. Nimerudi na kukuta jina langu limefutwa katika timu yetu ya kupokezana, ile ya watu wanne ambao miaka yao ikijumlishwa hufika mia mbili na zaidi. Nimeogelea katika timu hiyo miaka tisa. Imeniuma sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwawa limerefushwa. Zamani lilikuwa mita ishirini na tano. Jumanne iliyopita niliogelea mpaka nikaona nyota, nikainua kichwa nikitarajia ukuta, kumbe nipo katikati. Mkifanya ukarabati, waarifuni wanachama.

2. Maji yamebadilishwa. Haya ya sasa ni mazito, tena yana upendeleo: wengine yanawapisha, mimi yananishika kiunoni, hasa pale ambapo kiuno kimeongezeka.

3. Mazoezi yangu ya nchi kavu hayakutambuliwa. Kocha Lwandile alinipa utepe wa mpira wa kuvuta, akaniambia, "Bhuti, kaka yangu, dakika kumi na tano tu kila siku, mwili usije ukasahau." Siku ya kwanza nililala kifudifudi kwenye benchi nyuma ya zizi, nikawa navuta maji yasiyokuwepo huku nikigeuza shingo kuhema. Jirani yetu MaDlomo akaniona. Kabla ya saa sita mchana ukoo mzima ulishakubaliana kwamba watu wa mtoni, yaani mizimu ya majini, wananiita niwe mganga. Shangazi akaanza kutengeneza pombe ya mtama, mjomba akaenda kutafuta mbuzi mweupe wa tambiko. Nilipoeleza kwamba ni mazoezi tu, MaDlomo akawaambia wenzake, "Wote hukataa mwanzoni." Nikaliacha benchi kwa heshima ya ukoo. Naomba siku hiyo moja ihesabiwe kuwa miezi minne, kwa sababu ya uzito wake.

4. Mmeniweka njia ya sita, kwa wasio na haraka, pamoja na Mama Nomalizo mwenye miaka sabini na minne. Alinipita mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anaogelea chali, akanitazama usoni na kusema, "Pole pole, mwanangu. Maji hayaendi popote." Huyo huyo ndiye mliyemwandika mahali pangu.

Kwa hiyo naomba klabu nzima, kocha akiwemo, ikae nje ya maji miezi minne ikila maandazi kila asubuhi, kisha turudi siku moja tushindane kwa haki. Mashindano ya Desemba yasogezwe. Kama hilo ni gumu, basi miezi yangu minne ifutwe kwenye kalenda, nami sitadai zaidi.

Nisalimie kocha, wote wa njia ya pili wanaonipungia mkono kwa huruma, na mzee Jongikhaya wa mlangoni, aliyeniuliza kama mimi ni mwanachama mpya.

Wako majini, kwa kadiri yatakavyoniruhusu,
Mthunzi Gqwetha

Tanbihi: Kuna jambo nililiruka. Mji wa jirani na kwetu una bwawa la ndani lenye maji ya uvuguvugu, nusu saa tu kwa gari. Kila Jumamosi dada yangu alikuja kukaa na mama, na kila Jumamosi mama alinifukuza: "Nenda kaogelee. Mimi nimevunjika nyonga, wewe umevunjika nini?" Nilikwenda. Nilikaa garini nje ya bwawa nikila kuku, nikalowesha nywele kwa maji ya chupa, nikarudi nyumbani. Niliogopa, Mama Mwenyekiti. Nilijua nimedhoofika, sikutaka kuhakikisha. Mama Nomalizo abaki kwenye timu. Leo mama yangu amepiga simu kuuliza kama nimerudi majini, nikamwambia nipo njia ya sita, wa mwisho kabisa. Akasema, "Afadhali. Jumamosi zote zile hukuwahi kunuka dawa ya bwawa."