Hotuba ya Ndugu Lukumani kwa Wananchi wa Itetemia Kuhusu Chembe Ndogo Kupita Zote

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu wa Chama wa Tawi, Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, masheikh, mapadri, Ndugu Velji mwenye duka aliyetuazima kipaza sauti, na wananchi wote kwa vyeo na umri wenu: Uhuru! (Uhuru na Kazi!)

Mimi, Lukumani, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Mkakati wa Utafiti wa Chembe Ndogo Kupita Zote, nimeacha majukumu mazito ofisini ili kuwaarifu kwamba, baada ya kamati kukaa mara kumi na saba na kamati ndogo mara arobaini, imeazimiwa kuwa katika awamu ya kwanza ya programu hii ya teknolojia ya kisasa, chembe moja isiyoonekana kwa macho itaongeza tumbaku kwa asilimia mia tatu na sita (makofi), itakomesha ugonjwa wa malale, itanoa majembe yakiwa yameegeshwa ukutani, na wataalamu wa nchi za mbali watashuka stesheni ya Tabora kuja kujifunza kwetu, kama misafara ya zamani ilivyopita hapa, ila safari hii mizigo watabeba wao! (Vifijo na vigelegele.)

Nani ananyoosha mkono? Bibi Batuli? Sema, mama.

(Bibi Batuli, mjane, anasimama. "Mwanangu, mlipopiga vigingi shambani kwangu mlisema nisilime, maabara inakuja. Misimu miwili sijapanda hata karanga, nakula kwa majirani. Mvua ndiyo hiyo inakaribia. Nilime, nisilime?")

Swali zuri sana, mama, swali la kitaalamu kabisa, na jibu lake linashughulikiwa katika ngazi zinazohusika, kwa kuzingatia taratibu na...

("Alime, asilime?" wanauliza wanawake wote kwa pamoja.)

Jamani, utaratibu...

("Alime, asilime?" Sasa na wanaume. Ndugu Lukumani anajifuta jasho.)

Haya, alime! (Vigelegele. Watu wanakimbilia vigingi vya shambani kwake, hapo jirani, na kuanza kuving'oa.) Polepole, ndugu zangu, hivyo ni mali ya Serikali!

Nahitimisha. Chembe juu! (Juu!) Jembe juu zaidi! (Juu zaidiii!) Nawashukuru kwa makofi yenu, na kwa namna ya pekee namshukuru Ndugu Marcelina, mpiga chapa wetu, ambaye tangu mwaka juzi anasubiri kwa uvumilivu tumpelekee mkakati huo auchape. Kesho nitamwambia aifunike mashine yake, maana katika vikao vyote vile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuandika.