Mihuri Kumi na Mmoja

Jumatatu, 8 Mei 2006

Mvua. Matope hadi mlangoni. Nimetoa barua tatu za chuo cha udaktari chini ya godoro na kuzisoma tena kwa mpangilio. 2003: wanasikitika. 2004: wanasikitika. 2005: wanasikitika, na ombi langu "halina nguvu". Imewachukua miaka mitatu kunipa sababu. Hayo ni maendeleo.

Fomu za mwaka huu zinafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baba ameniambia wakati wa chai, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Jina langu likikosekana, nitachukua funguo za nyumba zake za kupanga, vile vyumba kumi na viwili vya mabati nyuma ya zizi, na nitakuwa msimamizi wake mpaka nizeeke. Anasema magoti yake yamechoka kukimbizana na mabomba yaliyopasuka.

Mama alitazama ukuta tu. Kando ya picha ya dada yangu Nyakio akiwa na joho la ualimu kuna msumari wa inchi nne, mtupu. Mama aliupigilia mwaka wa 2003, nilipotuma ombi la kwanza, tayari kwa picha yangu. Kila Jumamosi anaupangusa vumbi. Mtu anapangusaje msumari? Naona aibu kuketi chini yake.

Nina miaka ishirini na minne na nimechoka kuliko baba.

Jumanne, 9 Mei

Nimepata jibu nikiwa nakamua ng'ombe. Nguvu! Katika nchi hii karatasi hupata nguvu wapi? Kwenye muhuri. Barua isiyo na muhuri ni maoni ya mtu tu. Sijui kwa nini sikuliona hili mapema.

Barua ya mwalimu mkuu wangu wa zamani ninayo tangu mwaka jana. Muhuri mmoja. Asubuhi nikapanga foleni kwa chifu, nyuma ya ndugu wawili waliokuwa wakigombania ua wa mpaka. Chifu ameandika kwamba mimi ni mkazi wa Mutuini na sina kesi. Wa pili. Mchungaji akaandika kwamba nahudhuria ibada, "hasa wakati wa sikukuu". Ningependa aiache hiyo "hasa", lakini alikuwa amekwisha kugonga muhuri. Wa tatu. Mwenyekiti wa kamati ya maji akaandika kwamba sijawahi kukata bomba la mtu. Wa nne. Katibu wa chama cha maziwa akathibitisha kwamba maziwa ya kwetu hayajawahi kupatikana na maji tangu 1998. Hiyo inaonyesha uadilifu wa ukoo mzima. Wa tano!

Jioni nikazipeleka kwa Mwihaki, binti wa shangazi yangu, anayefanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Adams Arcade. Ndiye amenichapia maombi yote tangu la kwanza. Akazipitia moja moja akaniuliza, "Jeremy, hizi ni za kusomea udaktari ama za kununua shamba?" Watu wa kompyuta hawaelewi serikali.

Akasema zahanati ya kanisa, ambako yeye husaidia siku zake za mapumziko, inahitaji mikono. Chuo hupenda mtu aliyewahi kukaa na wagonjwa. Nikamuuliza kama wana muhuri. Anasema wanao.

Aliomba atoe fotokopi ya fomu tupu. Nikamruhusu. Binamu mwaminifu, anaweka kumbukumbu.

Jumatano, 10 Mei

Nimeenda mjini kwa Mzee Kanubhai, ambaye amemuuzia baba mabati na misumari kwa miaka ishirini. Sikufuata mabati. Binti yake, Riddhi, ni daktari na ana kliniki yake Spring Valley. Barua ya daktari ina uzito wa machifu watatu.

Kanubhai alimpigia simu papo hapo, mbele yangu, akiongea Kigujarati na kunitazama kwa huruma. Kisha akanipa simu. Daktari Riddhi akasema, kwa adabu sana, kwamba huandika barua kwa mtu aliyefanya naye kazi. Nije wiki mbili, kuanzia kesho saa moja asubuhi. Nikamweleza kwamba nina siku mbili. Akaniuliza miaka mitatu iliyopita nilikuwa wapi. Nilikuwa nikingoja barua! Simu ikakatika, au akaikata. Sikuchunguza.

Mzee Kanubhai aliniona nimenyong'onyea. Akaagiza chai. Akasema baba yangu ni mtu mzuri, hajawahi kurudisha bati hata moja. Mwishowe akaandika barua mwenyewe, ukurasa mzima, kwamba familia yetu ni imara na haishiki kutu. Nikaomba muhuri. Akasema, "Muhuri iko moja tu, kijana, ile ya risiti." Nikamwambia muhuri ni muhuri. Akagonga. Ukisoma kwa karibu unasema BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI. Lakini nani husoma mihuri? Wa sita.

Kabla ya kurudi nimepita kwa Muli, fundi mihuri mwenye kimeza ngazini, ghorofa ya pili. Nimeagiza wangu binafsi: J. MAINA MUCHIRI, MWOMBAJI. Akasema amechonga mihuri ya wakurugenzi, mawakili na maaskofu, lakini wa mwombaji hajawahi. Mimi wa kwanza!

Alhamisi, 11 Mei

Zahanati. Nilifika saa nne nikiwa na fomu ya saa arobaini za kujitolea, tayari kusainiwa. Sista Virginia, muuguzi mkuu, mwanamke mfupi asiyependa mzaha, aliisoma akaniuliza saa hizo arobaini nimezifanya lini. Nikasema ninanuia kuzifanya. Akanipa beseni.

Aliniketisha na mzee Nashon, mwenye kidonda cha sukari mguuni. Kazi yangu ilikuwa kuosha ule mguu usio na kidonda na kumshikia ule wenye kidonda Sista akibadilisha bandeji. Nilitaka kukimbia. Harufu! Mwihaki alikuwa upande wa pili wa chumba akipima watoto uzito, na hata mmoja hakulia. Nikaona haya, nikabaki.

Mzee Nashon hakutazama kidonda. Alinitazama mimi. Akanieleza habari za fahali aliyekuwa naye zamani, jinsi alivyomfuata hadi kanisani siku ya harusi. Bandeji ilipoanza kung'oka alinyamaza, akanikamata bega. Nikamwambia aendelee, fahali aliingia kanisani au alibaki nje? Akaendelea. Tulipomaliza akasema, "Mkono wako ni mwepesi, kijana." Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji. Sikutaka kuondoka. Sijui kwa nini. Sijajisikia hivyo mwaka mzima, na sikuwa nimechoka hata kidogo.

Sista aliandika saa mbili. Kwa tarakimu, halafu kwa maneno, ili sifuri isipate nafasi ya kuongezwa. Nikamwomba basi agonge muhuri mara tatu. Akagonga ili niondoke. Wa saba, wa nane, wa tisa.

Tatizo: kuosha mguu si utabibu. Kila mtu ana miguu. Itabidi nitafute namna nzuri zaidi ya kulieleza jambo hili.

Ijumaa, 12 Mei

Muhuri wangu uko tayari. Nimeugonga mwanzo na mwisho wa fomu. Kumi na moja! Mwihaki alishikilia faili kwa mikono miwili. Akasema, "Hii ni ombi ama kalenda?" Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimeandika habari za mzee Nashon kwenye sehemu ya maelezo binafsi. Nikamwambia hiyo sehemu nimejaza kiapo.

Nimewasilisha saa kumi na dakika hamsini. Karani alipima faili kwa mkono akapiga mluzi. Nguvu hiyo!

Ijumaa, 19 Mei

Nimeitwa kwenye mahojiano! Sijawahi kuitwa. Mama alinipigia suti pasi mara mbili, akaupangusa msumari ingawa haikuwa Jumamosi.

Nilimkuta Mwihaki kwenye benchi la kungojea, amevaa sketi ya kanisani. Amekuja kunisindikiza, na sikuwa hata nimemwomba. Nikampa anishikie mwavuli na koti.

Ndani, madaktari watatu. Yule wa katikati, profesa mwanamke mwenye miwani ya kamba, alikuwa akifunua faili langu polepole. Alisimama kwenye barua ya Kanubhai, akaileta karibu na pua, akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akapata kikohozi. Kumbe kuna watu husoma mihuri.

Kisha akafunga faili, akasema katika karatasi zote hizi ameona kitu kimoja tu anachotaka kukisikia: zile saa mbili za zahanati. Nilifanya nini? Alivua miwani akaegemea mbele. Nadhani alitaka kweli kujua.

Nilimwona mzee Nashon. Nilimwona fahali. Ilikuwa mdomoni. Lakini suti, chumba, mihuri kumi na moja, halafu niseme niliosha mguu? Nikasema nilisaidia katika upasuaji. Akauliza wa nini. Nikasema wa jumla. Akauliza tulitumia dawa gani ya ganzi. Nikasema ya kutosha.

Alivaa miwani tena. Akanishukuru kwa kuja.

Nilipotoka Mwihaki alinirudishia koti, akaingia yeye. Amekwenda kunitetea, maskini! Alikaa ndani karibu nusu saa, na mara moja nikasikia wakicheka, kicheko kizuri. Alipotoka nikamuuliza wamesema nini. Akaanza kusema kitu, "Jeremy, nilitaka kukuambia..." Nikamkatiza nikamwambia asijisumbue, mimi si mtu wa kusahau wema.

Jumatatu, 29 Mei

Majina yamebandikwa kwenye ubao wa chuo. Nimesoma kutoka juu kwenda chini. Nimesoma kutoka chini kwenda juu. Nimesoma orodha ya wasichana pia, karani anaweza kukosea.

Simo.

Namba kumi na nne ni Mwihaki.

Nilisimama pale mpaka msichana mmoja akaniomba nisogee aone jina lake. Nikasogea. Alikuwemo.

Nimetembea mpaka Adams Arcade, mvua ikinyesha, kwa sababu sikutaka kufika nyumbani. Mwihaki alikuwa ameketi kwenye mashine yake, akimchapia mtu barua. Aliponiona alisimama, na machozi yakamjia kabla yangu. Anasema alijaribu kuniambia mara nne. Alijaza ile fotokopi. Alituma barua moja, ya Sista Virginia. Muhuri mmoja. Wa mraba!

Nilitaka kukasirika. Sikupata pa kushikia. Nikampongeza, na nilimaanisha, jambo lililonishangaza. Nyumbani niliingia kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa ameshajua. Aliniwekea chakula, akakaa nami mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 3 Juni

Usiku ule wa Jumatatu baba hakunigombeza. Alichukua tita la funguo, akatafuta pa kulitundika nisije nikasema sikuliona, akalitundika kwenye msumari. Halikuanguka. Msumari wa Kanubhai huo.

Leo ni Jumamosi. Mama amezipangusa, ufunguo mmoja mmoja.

Alasiri Mwihaki alikuja na mkate na soda. Kila mtu alimwita Daktari, hata baba. Akanivuta kando, akasema Sista Virginia ananitafuta, anataka mtu wa kila Alhamisi. Na mzee Nashon huuliza yule kijana wa mkono mwepesi alienda wapi, kwa kuwa hajanimalizia habari za fahali. Akasema, "Enda tu, Jeremy. Mwaka mmoja hivi na utakuwa na kitu cha kuwaambia."

Nilimsikiliza. Ana moyo mzuri, lakini haoni mbali. Nimemwambia amwombe mzee radhi, Alhamisi nina shughuli mjini. Kisha nikamwomba barua ya mapendekezo, kama mwanafunzi wa udaktari, tarehe aache wazi. Amekubali, au amenyamaza.

Mabomba ya chumba namba saba yamepasuka. Nitayaangalia nikirudi kutoka kwa Muli. Makosa yangu nimeyaona sasa: mihuri yangu mingi ilikuwa ya wino wa buluu. Nimemwagiza wa duara, wino mwekundu, mkubwa kuliko wa chifu, na safari hii aandike MWOMBAJI MWANDAMIZI.