Kinu, Wageni na Milango Iliyofungwa

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Leo nimeanza kuuokoa mji wa Mikindani. Hakuna aliyeniomba.

Kesho wataalamu wanakuja kutazama kinu cha mafuta ya nazi, kilichofungwa tangu mashine ilipokufa. Wakiridhika, ndani ya kinu patakuwa kituo cha utafiti wa minazi na mikorosho. Nyuma nyumba za wafanyakazi, mbele maduka, pembeni shule ya sekondari ya kutwa. Wasiporidhika, vyote vinakwenda Ufukoni, mjini Mtwara. Baba amesema sekondari ikiwa hapa nitasoma. Ikiwa Ufukoni, nitabaki nyumbani nisuke ukili wa mikeka na mama yake, Bibi Mgeni, maana Baba hataki nikalale kwa watu, hata kwa ndugu. Nimeutazama ukili wangu. Unafanana na mjusi aliyekanyagwa.

Binamu yangu Mwanakombo wa Ufukoni yuko kwetu kwa likizo. Kaniambia nisijisumbue, wataalamu hawapendi mji unaonuka mbata za nazi. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wawakaribishe wageni, ili waone mji uko hai.

Jumanne, 3 Agosti

Njia ya kwenda kinuni ni fupi. Wageni hawakuimaliza.

Nyumba ya kwanza vitumbua. Ya pili wali wa nazi na kamba. Ya tatu muhogo na pweza. Hakuna aliyekubali wapite kwake bila kuonja. Majirani wangesema nini? Bwana Josephu, mkubwa wa msafara, alikula kwa furaha, halafu kwa adabu, halafu kwa kuvumilia. Alipofika kwetu, Bibi Mgeni akamwambia naona unadonoa tu, labda mapishi ya wazee hayakupendezi. Akala tena. Akalala barazani na viatu miguuni. Alipoamka, saa ya kurudi ilikuwa imefika.

Kulikuwa na mtaalamu mwanamke, Bi Helena. Anapima udongo. Sikujua kuwa mwanamke anaweza kulipwa mshahara kwa kuchimba shimo na kulitazama. Aliuliza kinu kiko wapi. Nikamwonyesha bomba la moshi juu ya mapaa. Akasema atarudi Alhamisi, peke yake.

Mwanakombo kasema, "Shoga, wamekuja kutafiti minazi, nyinyi mmewatafiti matumbo." Mimi nilikuwa napanga.

Jumatano, 4 Agosti

Nimepita tena nyumba kwa nyumba. Kesho pasiwe na chakula wala karibu. Milango ifungwe, watoto wanyamaze. Bibi Mgeni akauliza, mji mzima ufunge milango, kwani kafa nani? Nikamwambia hakuna, bibi, ni mpango tu. Akasema mipango yangu anaijua. Wa mwisho ulimmaliza kuku wake.

Alhamisi, 5 Agosti

Bi Helena aliukuta mji umefungwa, kimya. Akadhani ni msiba. Akavua viatu, akajitanda kanga aliyokuwa nayo mkobani, akaketi kwenye mkeka wa baraza letu, kichwa chini. Hakuuliza ni nani. Si adabu.

Jirani yetu Bi Fatuma akachungulia, akamwona mgeni ameketi vile, akadhani tumefiwa. Akaja. Wa pili akaja kwa kumwona Bi Fatuma. Kufika saa nne baraza limejaa na wanaume wametandika majamvi njiani. Kila mtu anamnong'oneza mwenzake kumuuliza marehemu ni nani, na mwenzake hajui. Jua likawa kali. Wakahamia mahali pekee penye paa la kuwatosha. Kinuni.

Baba alitoka sokoni mbio, ameambiwa mama yake kafa. Alimkuta Bibi Mgeni katikati ya wanawake, anapokea pole.

Baba akamuuliza kwa nini hakuwaambia watu yu mzima. Akasema alitaka kuona nani atalia. "Fatuma hata chozi moja."

Watu wakacheka, na Bi Helena pia. Halafu akatazama paa juu ya umati ule. Akagonga ukuta. Akatoka nje, akachimba shimo lake.

Jumatatu, 23 Agosti

Imetangazwa leo. Kituo kitajengwa hapa, na shule pia. Bi Helena amemwambia Baba kuwa wenzake walidhani kinu ni gofu lisilofikiwa na mtu. Yeye alikiona kimejaa kabla ya adhuhuri.

Baba kaniita. Kasema ahadi ni ahadi, nitasoma. "Lakini Tabu, mwanangu, wageni wengine waache wafike wenyewe." Nikasema ndiyo, Baba. Mwanakombo ameuliza kama anaweza kuja kukaa kwetu shule ikifunguliwa. Nimemwambia nitafikiri.

Ijumaa wanakuja wageni wa kuweka jiwe la msingi. Kosa langu nimeshaliona. Mara ya kwanza milango yote ilikuwa wazi, mara ya pili yote ilifungwa. Safari hii nimeugawa mji. Upande wa kulia watapika, upande wa kushoto watafunga. Bibi Mgeni amekubali kufa tena, mradi Bi Fatuma akae mbele.