Wakala wa Dubwana

Mdomo Asali alikuwa na mtaji mmoja tu duniani: uso usiokumbukwa. Katika kila mji alimowaliza watu, polisi walipouliza tapeli alifananaje, jibu lilikuwa lile lile. Wa kawaida tu, afande.

Asubuhi hiyo alisimama kwenye kibanda cha magazeti akisoma bure kitabu cha katuni cha Bi Kimbunga, shujaa arukaye bila mbawa. Ukurasa wa mwisho ulitangaza: "Toleo lijalo, mgeni wetu maalumu: DUBWANA, refu kuliko ghorofa kumi! Nani atasalimika?"

Pembeni yake mwenye bucha alikuwa amekunja uso. Mchoraji wa Bi Kimbunga alikuwa na tabia ya kuchora mtaa huo huo, duka kwa duka. Shujaa alipotua juu ya paa la kinyozi, wateja wa kinyozi walipanga foleni mwezi mzima. Sasa duka litakalokanyagwa na Dubwana litachekwa mpaka lini?

Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa aina hii.

"Mimi ndiye wakala wa Dubwana," alisema Mdomo Asali.

"Dubwana lina wakala?"

"Bosi, hata wewe una mwenye nyumba. Dubwana ni la kampuni nyingine, hapa limeazimwa. Wapi likanyage, wapi liruke, ni kauli yangu."

Mwenye bucha alitazama huku na huku. "Na likikanyaga bucha la ng'ambo ya barabara?"

"Hilo linahitaji paja la mbuzi."

Bucha la ng'ambo nalo lilitoa paja, kwa ombi lile lile. Fundi viatu alitoa viatu. Mama fundi cherehani alimsikiliza pini zikiwa mdomoni, kisha akampima mabega.

"Suti utapata, mwanangu, na kitambaa nitakuchagulia mimi. Ila kamwone mchoraji, yuko juu ya duka la rangi. Usije ukaagiza hivi, yeye akachora vile."

Suti ilikuwa ya drafti, manjano na nyeusi. Mdomo Asali alijiona waziri. Akapanda ngazi, akijua kwamba akiziona kurasa mapema atauza zaidi.

Mchoraji alikuwa binti mwenye wino vidoleni. Hakubisha lolote kuhusu uwakala.

"Geuka kidogo kwenye mwanga. Endelea kuzungumza."

"Unanichora?"

"Uso wako una kitu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeruka kupitia dirishani. Lakini maishani mwake hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na alifurahi mpaka akaona aibu. Alikaa, akageuza shingo, akajisifia hata yale mapaja mawili, mpaka chai ikapoa.

Siku toleo lilipotoka, alirudi mtaani na suti yake kutafuta paja la tatu. Mtaa mzima ulikuwa kimya, unasoma.

Dubwana lilijaza jalada. Lilivaa suti ya drafti, manjano na nyeusi, paja la mbuzi kila mkono, na nyusi yake ya kushoto ilikuwa imepanda, kama inavyopanda ya Mdomo Asali kila anapotaka kudanganya. Hakuna aliyewahi kuiona nyusi hiyo. Sasa waliiona wote. Ndani, Dubwana halikukanyaga duka hata moja. Lilipita likiomba kwa adabu, na watu wakalipa wenyewe.

"Binti wa kaka yangu ana mkono, sivyo?" alisema mama fundi cherehani.

Wenye mabucha wawili walitazamana. Kila mmoja alielewa paja la mwenzake lilitolewa kwa ajili gani. Walikuwa hawajasalimiana miaka, lakini walitoka mbio pamoja kumkamata.

Mdomo Asali alidandia basi la kwanza. Alishuka mji wa mbali asikojulikana, akavuta pumzi, akamsogelea muuza magazeti aliyekaa mlangoni mwa stendi. Nyusi ikapanda.

"Habari, ndugu. Mimi ni..."

Muuza magazeti alitazama jalada, akamtazama yeye. Kisha akageukia barabarani.

"Jamani, fungeni maduka. Dubwana limeshuka."