Kimbunga Kisichofika Chepilat

Jumatatu, 13 Oktoba 1997
Redio inasema Elnino imepasha moto bahari ya Pasifiki. Huko vimbunga vimezidi. Atlantiki vimepungua, upepo wa juu unavikata vichwa kabla havijakomaa. Nimepiga hesabu. Vilivyopungua Atlantiki si sawa na vilivyoongezeka Pasifiki. Vilivyobaki viko njiani! Nimepima kwa kamba kwenye atlasi ya binti yangu Chelimo: njia inapita hapa kijijini kwetu Chepilat. Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani chai. Bethwel amekalia kiti miaka sita na hajui hata Pasifiki iko upande gani. Safari hii ni yangu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimetangaza kimbunga mbele ya mizani, wakulima wote wakisikia. Mwalimu Nelvine akacheka. Eti kimbunga hakikaribii ikweta, kwa sababu huku mzunguko wa dunia hauupindi upepo. Sisi tutaletewa mvua tu. Mvua! Nani atachaguliwa kwa mvua, hapa tunapozaliwa nayo? Bethwel akaniita profesa wa upepo. Wakacheka mpaka wakashika mizani. Nimeyaweka moyoni.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimeokoa paa la kituo. Peke yangu! Nimelikandamiza kwa mawe makubwa. Nimeyang'oa kwenye mtaro wa juu, yalikokaa bure yakishikilia udongo. Karani wa mizani, Mzee Lazarus, aliuliza maji yatapita wapi. Nikamwambia apime majani, mambo ya bahari aniachie mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Upepo: hakuna. Hata moshi wa jikoni ulipanda wima. Mvua: usiniulize. Mtaro ulibomoka, maji yakaingia kituoni, majani ya kijiji kizima yakateremka hadi mtoni. Yangu pia. Paa halikusogea hata inchi! Hakuna aliyelisifu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Tumepiga kura kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Wa Bethwel ulifika barabarani. Wangu: binamu Kipruto, aliyedhani hapo ndipo chai inagawiwa. Mke wangu Edinah alisimama kwa Bethwel! Nilipomuuliza akasema, "Baba Chelimo, majani yaliyoenda na maji niliyachuma mimi." Usaliti mtupu.

Jumatatu, 3 Novemba
Redio: mwakani Pasifiki huenda ikapoa. Vimbunga virudi Atlantiki, kwetu ukame. Nilijua! Nagombea kamati ya maji. Nimechora bango, UKAME UNAKUJA, NICHAGUENI, nikalitundika njia panda. Edinah anasema mvua imeshafuta maandishi yote. Nimemwambia alete rangi nyingine.