Nilivyokutwa Nimelala Kwenye Nyumba Inayouzwa

Wenzangu, leo nimeaibika, na nimeaibika nikiwa usingizini. Nimekutwa nimelala fofofo kwenye kitanda cha mtu nisiyemjua, viatu nimevua, na walioniamsha ni wanafunzi wangu wa darasa la fedha.

Nawaeleza mwenyewe kwa sababu habari zitawafikia kutoka kanisani, na zikifika zitakuwa zimetiwa chumvi. Afadhali mcheke kwa maneno yangu.

Mnajua mimi ni mtu wa kubana. Nafanya kazi ya uhasibu Midrand, nje kidogo ya Johannesburg, kwenye kampuni ya malori, na mshahara si mbaya. Lakini naishi Troyeville, kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba ya mtu, kwa sababu kodi ni ndogo. Godoro langu liko sakafuni. (Kitanda hakikuwemo kwenye mpango.) Mshahara ukiingia, nusu yake inakwenda akiba kabla sijaigusa. Nataka ifike Jumatatu nitakayoamka na hakuna bosi wa kunipangia siku. Kanisani wamenipa hata darasa la Jumamosi, nawafundisha watu kuweka akiba na kukaa mbali na madeni. Wananiita Mwalimu.

Kitu kimoja tu kwenye mpango huu kinaniuma. Mama yangu. Yuko Kakamega, na kila tukiongea kwenye simu ananiuliza, "Nikija huko nitalala wapi?" Mimi namjibu, "Mwakani, Mama." Nimeisema hiyo mwakani mpaka siku hizi anaisema yeye kabla yangu, halafu anacheka. Kicheko hicho sikipendi. Mama anazeeka, na mimi nina pesa za kumleta, ila sina mahali pa kumlaza.

Sasa tuje kwenye starehe yangu ya Jumapili.

Hapa Johannesburg nyumba ikiuzwa, dalali huifungua Jumapili alasiri watu waje kuitazama. Anaweka vibao vya mshale kuanzia kwenye robot (taa za barabarani, kwa nyinyi mlio nyumbani) mpaka getini. Unaingia bure. Ndani kuna maji yenye vipande vya limau, biskuti, na dalali akiwa mkarimu, sambusa. Mimi Jumapili sipiki. Natoka kanisani, nafuata mishale.

Ujuzi ninao. Navaa viatu vya kanisani. Nauliza kama kuta zina unyevu. Nagonga mlango wa kabati, nakunja uso, naguna. Dalali akiniuliza kama niko peke yangu, nasema mume wangu anaegesha gari. (Sina mume. Sina gari pia.) Nimegundua kwamba mwanamke aliye peke yake huulizwa habari za mkopo kabla hajafika kwenye sahani, lakini mwenye mume anayeegesha gari huachwa ale kwa amani.

Leo mishale ilinipeleka Bezuidenhout Valley. Nyumba ya zamani, baraza mbele, dari ya bati yenye maua yaliyochorwa kwa kupigwa nyundo, sakafu ya mbao. Dalali alikuwa mama mmoja mchangamfu, Lindiwe.

"Karibu, mama. Uko peke yako?"

"Mume wangu anaegesha gari."

"Basi jisikie nyumbani," akasema.

Laiti asingesema hivyo. Nilikula sambusa nne nikiwa nimesimama, nyingine mbili nikazikunja kwenye tishu nikazitia mkobani (za jioni), kisha nikaanza kuzunguka. Na hapo ndipo mambo yaliponiharibikia, maana kwa kawaida nyumba za watu hazinifanyi kitu. Hii ilinifanya.

Nyuma kulikuwa na kamba ya nguo. Kamba tu, kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Kule ninakopanga mwenye nyumba ametupangia siku za kuanika, yangu ni Alhamisi, na Alhamisi niko kazini, kwa hiyo nguo zangu hukaukia juu ya mlango. Nilisimama mbele ya kamba ile nikaishika. Niliona kanga za Mama zikining'inia pale siku yoyote anayotaka yeye. Nikarudi ndani haraka.

Chumba cha pili ndicho kilichonimaliza. Kidogo, dirisha linatazama mlimao, na kitanda bado kipo, kimetandikwa shuka jeupe. Mwenye nyumba, bibi mzee, alikuwa ameshahamia kwa binti yake na kuacha samani. Nilisimama mlangoni nikawaza: hapa Mama angelala. Halafu nikawaza tena: Mama ana mgongo. Godoro laini kupita kiasi litamuumiza.

Kwa hiyo nilijilaza ili kulipima. Naapa ni hivyo tu. Nilivua viatu kwa sababu nimelelewa, nikalala chali kama Mama anavyolala, mikono tumboni. Godoro lilikuwa gumu kiasi chake. Upepo uliingia dirishani na harufu ya majani ya limau. Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka kanisani juani, na tumboni nilikuwa na sambusa nne za watu. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa namwonyesha Mama mahali pa kuweka Biblia yake.

Sehemu inayofuata nimesimuliwa baadaye, maana mimi nilikuwa nakoroma.

Ilifika gari. Akashuka Papa Furaha, fundi cherehani Mkongomani mwenye kibanda chake Rosettenville, mtu mpole kabisa, anayekaa mstari wa mbele darasani kwangu. Mkewe, Mama Furaha, alibaki garini akitafuta viatu vyake vya kisigino chini ya kiti. Papa Furaha akaingia peke yake. Lindiwe akamwona mwanaume aliyetoka kuegesha gari, akafurahi.

"Ah, umefika," akamwambia. "Mkeo yuko chumbani, amelala. Anaonekana amechoka sana, nikaona nisimsumbue."

"Mke wangu amelala?"

"Kwa muda sasa."

Papa Furaha akageuka, akatazama gari lake nje. Ndani yake mkewe alikuwa ameinama, anavaa kiatu. Alibaki amesimama hapo mpaka Mama Furaha akaingia na kumkuta kwenye korido, mdomo wazi.

"Ni nini?" akamuuliza.

"Huyu mama anasema bibi yangu iko nalala kule ndani."

Mama Furaha hakupandisha sauti. Wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa. Aliweka mkoba begani vizuri, akasema, "Basi twende tumwamushe."

Nilifumbua macho nikaona nyuso tatu juu yangu. Dalali anatabasamu. Papa Furaha anatokwa jasho. Mama Furaha amekunja mikono, anatazama kwanza viatu vyangu vilivyopangwa vizuri chini ya kitanda, halafu mimi, halafu mumewe, halafu viatu tena.

Mtu mwenye akili angesalimia. Mimi nilisema, "Nilikuwa naangalia kama kuta zina unyevu." Nikiwa nimelala chali, na shavu lina alama za mto.

"Mwalimu?" Papa Furaha akanong'ona.

"Mwalimu," mkewe akasema, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo. "Ni weye?"

Lindiwe alitutazama kwa zamu. "Eish. Kumbe mnafahamiana. Sasa mume wake yuko wapi? Aliniambia anaegesha gari."

Hapo Mama Furaha aliacha Kiswahili. Alimjibu kwa Kiingereza safi, ili dalali asikose hata neno. "Mume gani? Huyu hana mume. Sisi tunamwombea apate, kila Jumatano."

(Sikujua naombewa. Kila Jumatano! Na mimi Jumatano huwa niko pale pale, nafumba macho, nasema amina.)

Nikaruka kuchukua mkoba wangu ili niondoke, maana ardhi ilikataa kunimeza. Nikaushika vibaya. Tishu ikaanguka, ikafunguka, na zile sambusa mbili zikatoka zikabingirika kwenye sakafu ya mbao mpaka kwenye kiatu cha Papa Furaha. Mzee wa watu aliinama, akaziokota, akazipuliza vumbi na kunirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote za mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Nikaketi tena kitandani. Sikuwa na uongo mwingine, ulikuwa umeniishia. Nikawaambia ukweli. Nikawaambia habari za Mama na mgongo wake, na ile mwakani yangu, na kwamba nilitaka tu kujua angelalaje. Sauti ilinikatika nikiwa nimeshika sambusa. Lindiwe alisema anakwenda kuchemsha maji ya chai, na akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kuchemka.

Mama Furaha aliketi pembeni yangu. "Pardon, Mwalimu," akasema. "Mimi niliingia na hasira ya mambo mengine."

"Usijali. Hata mimi ningeingia nayo."

Papa Furaha akakohoa. "Mwalimu, na sisi tuna kosa. Ulitukataza kununua nyumba. Ulisema tupange tu, pesa ikae ikizaa. Mafundisho yako yote tumefuata. Hii moja tu imetushinda." Wamekuja mara tatu kuitazama nyumba hii, alisema, na leo wamekuja kutoa bei. Kisha akaniomba kitu ambacho ningelipa nisiombwe: niwapigie hesabu, nione kama hawaibiwi.

Tukaenda jikoni. Nikapiga hesabu. Wenzangu, bei ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba mimi mwenyewe, kwa akiba niliyonayo, ningeweza kuilipa badala yao kesho asubuhi. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: subirini kidogo, bei itashuka, paa ni la zamani. Wangenisikiliza. Wananisikiliza siku zote. Niliangalia nje, kamba ya nguo ile pale, na nilitamani nyumba ile kwa namna ambayo sijawahi kutamani hiyo Jumatatu yangu isiyo na bosi. Miaka yote nimekuwa nikijinunulia uhuru, na leo nimeona kwamba sikuwahi kujiuliza nitakaa nao wapi.

Mama Furaha alikuwa ameshika mkono wa mumewe chini ya meza. Walidhani sioni.

"Nunueni," nikawaambia. "Msingoje."

Papa Furaha alicheka kwa furaha mpaka akalazimika kuvua miwani. Lindiwe akaleta makaratasi. Mimi nikavaa viatu vyangu nikaaga, nikafika barazani, na hapo Mama Furaha akanifuata.

"Mwalimu, ile chumba uliyolala. Sisi hatuna mtu wa kuweka. Furaha yuko na chumba yake. Kuja uishi, na mama yako akikuja, anakukuta." Kisha akajiweka sawa, sura ya biashara. "Lakini si bure. Weye njo ulitufundisha, chumba isikae bila kuleta kitu."

Kwa hiyo huu ndio mwisho wa kisa. Mwalimu wa fedha atakuwa mpangaji wa wanafunzi wake, ndani ya nyumba ambayo angeweza kuinunua, kwa somo alilowafundisha mwenyewe. Nimeshampigia Mama. Aliniuliza atalala wapi, na nilipomjibu akaniuliza kama huku kuna baridi, aje na sweta.

Kitu kimoja tu kisifike darasani, nawasihi, na nyinyi msinicheke: nilikubali kabla sijauliza kodi ni ngapi, na mpaka sasa sijauliza.