Koti la Krimu la Desmond Pruitt

Desmond Pruitt alimwona Bi Agnes Hruska katika ukumbi wa hoteli moja ya Pittsburgh, amekaa peke yake katikati ya watu waliojivika mavazi ya manyoya ya mbweha na mbwamwitu, ananyonya peremende. Moyo ukamwambia: hapo ndipo. Bibi kizee, pete nzito, hana mtu. Akaliweka sawa koti lake la krimu, koti pana lililokuwa na kazi moja tu, kuficha kitambi, akasogea.

"Mama, umekuja kuangalia wajukuu?"

"Nimekuja kutafuta fundi. Na mimi nataka vazi. Nyegere."

"Nyegere!" Desmond akaketi bila kukaribishwa. "Mungu hana upendeleo, mama, lakini leo amekupendelea. Fundi ndiye mimi."

Ufundi alikuwa nao, ila wa mdomo. Sindano hakuwahi kuishika. Alichokuwa nacho ni kichwa kimoja cha vazi la fisi, ambacho msichana fulani wa mji wa Erie, asiyemjua kwa sura, alimtumia kwa posta amshonee sikio. Sikio halikushonwa, simu ikazimwa, kichwa kikawa chambo. Kila mteja mwenye shaka alionyeshwa hicho, chemba, akatoa malipo ya awali, na hapo ndipo walipoagana na Desmond milele.

Bi Agnes naye akaonyeshwa. Akakigeuza, akachungulia ndani. Bitana ilikuwa ya pajama za mistari ya buluu. Aliijua mistari ile. Alilala ubavuni mwa pajama hizo miaka yote ya ndoa, marehemu mumewe akiwa ndani yake. Mjukuu wake Lorna ndiye aliyeishona humo baada ya mazishi, na tangu kichwa kipotee, binti yule hakuwa amecheka vizuri.

Mwingine angepiga kelele, na Desmond angetimua mbio na kichwa chake. Bi Agnes alimeza peremende.

"Bitana safi. Nani kashona?"

"Mikono hii, mama."

"Basi twende chumbani kwangu ukanipime. Malipo yako huko."

Chumbani walimkuta Lorna. Alipokiona kichwa akafungua mdomo. Bibi akamkanyaga mguu.

"Huyu mjukuu wangu, atatusaidia kufunga tepu."

Mafundi wa mavazi haya hawapimi kwa futi. Mteja hufungwa tepu ya gundi, ile ya rangi ya fedha, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha tepu hukatwa mgongoni, ganda likatoka na umbo lake zima. Kila mtu pale hotelini anajua uvae nguo kuukuu, maana zinaondoka na tepu. Desmond habari za tepu alizisikia. Za nguo hakuzisikia.

"Mimi naogopa, mwanangu," Bi Agnes akasema. "Anza wewe, nione kama mtu anapumua."

Desmond akayafikiria malipo. "Nifungeni."

"Fundi, huvui koti kwanza?" Lorna akauliza. Nafasi alipewa, tusimwonee.

"Wanaovua ni wanagenzi, dada. Sisi wakubwa tunapima na koti."

"Bibi, umemsikia?"

"Nimemsikia. Mfunge na koti."

Lorna akafunga, mzunguko baada ya mzunguko, mikono ya fundi imetanuliwa, mpaka hakuweza kukunja hata goti. Kisha akakichukua kichwa cha fisi, akaficha uso kwenye ile bitana, akalia.

"We dada, weka hicho! Cha mteja wangu!"

"Wa Erie?" Lorna akafuta machozi. "Ndiye mimi."

Desmond akajaribu tabasamu lake la biashara. "Haya ni mambo ya kuzungumza. Nifungue kwanza."

"Mkasi huu hapa," Bi Agnes akasema. "Lakini tepu imeshika koti. Nikate, au ubaki hivyo?"

"Kata," akasema kwa sauti ndogo.

Alasiri hiyo gwaride la mavazi lilipita, na fisi mmoja mwenye sikio bovu alicheza mbele ya wote huku bibi yake akimpigia makofi. Desmond alikuwa ananyata kuelekea mlango wa nje, amebaki na fulana na bukta. Pale mlangoni watu walikuwa wamejazana kupiga picha sanamu ya tepu ya fedha iliyojazwa magazeti, mikono imetanuliwa, koti la krimu limekuwa bitana, linachungulia shingoni. Kifuani ilikuwa na karatasi: MWENYE UMBO HILI ANAPOKEA ODA, HASHONI.

Jamaa mmoja aliyewahi kutoa malipo ya awali aliitazama sanamu, akamtazama Desmond, akaitazama tena sanamu, hasa usawa wa tumbo.

"Samahani, kaka," akasema, akimshika mkono. "Hebu simama hapo kando yake kidogo."